Kamera Ndogo ya Harusi Yako

Mkwajuni, Jumapili mchana

Dada Atupele,

Shikamoo. Mmeamkaje huko mlimani Ileje? Mama goti bado linamsumbua ukungu ukishuka, au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Na wewe umeshapona kikohozi? Mimi huku niko salama. Ni jua tu. Huku unaanika shati, unageuka kuchukua jingine, la kwanza limeshakauka. Mwaka wa tatu huu na bado sijalizoea.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa hiyo utanivumilia, unajua shule niliishia wapi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe unaongea haraka na mimi nabaki ndiyo Dada, ndiyo Dada, mpaka unakata. Na hiyo "ndiyo" yangu ndiyo imenifanya nikae chini niandike.

Jumatano uliniuliza, "Amba, umeshaichukua ile kubwa? Maana nimeshawaambia wakwe wa Vwawa kwamba mpiga picha wa harusi ni mdogo wangu wa damu, ana kamera kubwa kama za mjini. Usije ukaniaibisha."

Nikasema ndiyo.

Dada, sikuichukua. Nimechukua ndogo. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu ndiyo ugombe.

Mzee Simbeye, yule mwenye studio niliyekuwa nafanya naye kazi, amechoka. Anarudi kwao Ndalambo akalime. Akaniita akaweka kamera zake mbili mezani akasema, "Ambakisye, miaka mitatu umenifagilia, umenisafishia picha, hujawahi kunijibu vibaya. Hujawahi kunijibu kabisa. Chagua moja iwe yako. Nyingine naenda kuiuza Tunduma." Ile kubwa ni nyeusi, ya lenzi za kutoa na kuweka, ingawa mzee mwenyewe anasema katika kamera kubwa hiyo ni ya wanaoanza. Ndogo ni ya rangi ya chungwa, inaenea kiganjani, mwili wake mgumu. Mzee aliachiwa na mtu mmoja aliyekuwa anapima miamba ya dhahabu huku. Haiogopi maji wala kudondoka. Mzee akaniambia nikae na kila moja wiki nzima ndiyo nimpe jibu.

Nilianza na kubwa. Nikuambie ukweli, niliipenda. Siyo kwa sababu ya picha. Ile unaiweka usoni inakufunika, Dada. Watu wanaona kamera, wewe hawakuoni. Kwenye harusi ya huku nilipita mbele ya wazee, watu wananipisha, "Mpiga picha apite, mpiga picha apite," mimi ambaye hata kuomba chumvi mezani naona aibu. Nikasema hii ndiyo yangu.

Lakini nikaanza kuona kitu. Nikiinua ile kamera tu, mtu aliyekuwa anacheka anafunga mdomo. Anavuta shati, anabana mikono, anasimama kama anapimwa nguo. Wote, hata watoto. Nikiishusha wanarudi kucheka. Siku nzima nilikuwa naona vicheko vizuri kwa macho, halafu kwenye kamera napata askari.

Halafu likaja la nzi. Maharusi walipopita karibu na karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, nilitaka kuwavuta kwa mbali, nikatoa lenzi fupi nikaweka ndefu palepale. Unajua vumbi la karasha lilivyo, ni kama unga. Baadaye naona doa jeusi kwenye picha. Nikafuta lenzi. Lipo. Nikafuta tena kwa shati, kwa pamba, lipo palepale. Kumbe limeingia ndani na mimi nahangaika na kioo cha nje. Kila picha ya nje niliyopiga baada ya hapo ina doa, na mahali pale ndipo nilipokuwa namweka bibi harusi. Alipoletewa picha zake akazipanga zote kitandani akaniita. "Wewe mpiga picha, huyu nzi ni nani alimpa kadi ya mwaliko? Kwenye keki yupo, kwa mchungaji yupo, mpaka kwenye gari!" Ndugu zake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee Simbeye alilitoa doa kwa kipulizio chake, taratibu, akasema, "Hii kamera ni ya mtu mwenye chumba. Wewe kazi yako iko barabarani."

Wiki ya pili nikachukua ndogo. Siku mbili za kwanza nilipiga miguu ya watu, sikudanganyi. Ile huiweki usoni. Unaishika hapa kifuani, unaangalia kioo chake cha nyuma, na uso wako uko nje watu wote wanauona. Nilikuwa siwezi kumtazama mtu, kwa hiyo napiga ndala. Na wachimbaji wakawa wananitania, "Mwana, hiyo ni kamera au kiberiti?"

Siku ya tatu nikaenda kwenye mabwawa, wanakooshea mchanga wa dhahabu. Wanaofanya kazi pale wengi ni akina mama, maji mpaka magotini, matope, karai mkononi kutwa. Simu zao wanaziacha nyumbani, ikidondoka pale ndiyo imekwenda. Kuna mmoja anaitwa Mama Rehema, rika la mama yetu. Yeye meno ya mbele hana, kwa hiyo akiongea anaweka kitenge mdomoni. Nikajikaza nikaomba nipige, nikasogea, nikateleza. Kamera ikaruka, chubwi, kwenye tope.

Wote wakaacha kuosha. Nafikiri walidhani nitalia. Halafu Mama Rehema akasema, "Wewe mtoto wa Ileje, afadhali ingezama hiyo aibu yako kamera ikabaki!"

Basi wakaangua kicheko, na mimi nikajikuta nacheka, niko kwenye tope nimelowa mpaka kiunoni. Nikapapasa, nikaipata, nikaisuuza kwenye karai la mtu, nikabonyeza tu nione kama imekufa. Haikufa. Nilikuwa nimebonyeza wakati Mama Rehema ameinua uso anacheka, kitenge kimemdondoka shingoni, pengo lote liko nje, maji yanamtoka machoni.

Nikaenda studio nikaisafisha ile picha kwenye karatasi nikampelekea. Aliishika muda mrefu, akaigeuza nyuma kama anatafuta kitu. Akasema, "Kumbe mimi nacheka hivi." Akaikunja kwenye kanga akaondoka nayo, hakuaga. Kesho yake akanipikia ndizi.

Dada, nilipomwona yule mama anaiangalia ile picha nilikumbuka siku ya kumzika baba. Wewe ndiye uliyetangulia na picha yake mbele ya jeneza. Mimi nilikuwa nyuma yako nakuona mabega. Ile picha tuliikuza kutoka kadi ya kupigia kura kwa sababu nyumba nzima tulikuwa hatuna nyingine, jicho moja limefifia, mdomo ameukaza kama mtu aliyekosewa. Tuliporudi nyumbani uliilaza juu ya kabati, ukaniambia mimi peke yangu, "Amba, huyu siyo baba." Nami sijasahau.

Nikajiuliza, je, siku zile ningekuwa na ile kubwa, baba ningempata? Ningeinua, yeye angesema subiri kwanza, angeingia ndani kuvaa koti, angetoka amekaza mdomo uleule. Baba yetu alikuwa anacheka shambani kwenye kahawa, kwenye mvua, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Huko kubwa isingefika. Ndogo ingefika.

Kwa hiyo nilimwambia Mzee Simbeye, "Nachukua ndogo." Akanitazama. "Watu watakudharau. Watasema mpiga picha gani wa kitoto hiki." Nikasema najua. Akasema, "Na dada yako?" Hapo nikachukua fagio nikaanza kufagia. Ijumaa akapanda gari la Tunduma, kubwa iko kwenye begi lake. Mpaka sasa imeshauzwa. Jumatano nilipokuambia ndiyo, nilikuwa nimeshaamua siku mbili kabla. Nisamehe kwa hilo.

Na sikufichi ubaya wake. Kanisa letu lina giza, madirisha yale madogo. Mle ndani ndogo itatoa picha za chenga, na kwa mbali inavuta kidogo tu. Nimeijaribu kwenye kanisa la huku, sikupata kitu cha maana. Picha za madhabahuni kwa hii hazitakuwa za kuwaonyesha wakwe. Kwa hiyo ukitafuta mpiga picha mwingine mwenye kubwa, asimame mbele kwenye kiapo, sitakasirika kabisa. Waambie wakwe huyo ndiye mwenyewe. Mimi sihitaji kutajwa, unanijua.

Lakini niachie asubuhi. Niachie uani, kabla hujavaa gauni, wakati akina mama wadogo wanamenya ndizi na mama yuko katikati yao anatoa amri. Hapo hata mtu wa kubwa hawezi kuja, atazuiwa na moshi. Maana nimehesabu, Dada. Picha ya mama tunayo moja tu. Ni ya kadi ya kura.

Barua hii anakuja nayo Yohana wa Itumba, tunafanya kazi jirani, ataileta mpaka mlangoni. Ndani kuna picha mbili. Moja ni ya bibi harusi na nzi, nimepewa ruhusa, ucheke kwanza kabla hujakasirika. Ya pili ni Mama Rehema. Amesema mmwangalie vizuri lakini msimwonyeshe mwanaume.

Msalimie mama, ila usimsomee barua yote, ruka hapo penye kadi. Msalimie shemeji Lusekelo, bwana harusi wetu, mwambie simwogopi, ni vile tu sina maneno. Mjomba Anyimike mwenye ng'ombe mwekundu, na mama mdogo Tupokigwe anayejua kupika ndizi kuliko wote, mwambie wa huku hawajamfikia. Bibi pia, kama anasikia ukisema karibu na sikio.

Nitafika siku mbili kabla. Nitaingia uani asubuhi ile kama nimefuata chai. Msinijali. Wewe una kazi moja tu, hata kama utakuwa na nywele nusu zimesukwa: njoo umchekeshe mama. Wewe ndiye unayejua, mimi sijawahi kuweza. Mimi najua kungoja.

Mdogo wako,
Amba