Mapipa Yako Bado Yamefungwa, Bi Sumaku

Mwaka umetimia tangu ututoke, Mama, na hasira zetu hazijapoa.

Wenzako wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa walikuita Bi Sumaku, maana hukuachana na kile kisumaku chako. Kilikaa mfukoni mwa koti lako la maabara. Nyumbani kiliokota sindano za binti yako mshonaji kabla hazijamchoma mtu. Baba alikutania, "Watu wanaoga maji, mke wangu anayaosha maji!" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Miaka sita ulihangaika kuunda ule unga mweusi wenye chuma ndani yake, chembe zake ndogo kuliko vumbi. Uliukoroga kwenye glasi ya maji machafu ya kiwanda, ukaiweka dirishani penye jua, na sumu ya rangi ikavunjikavunjika hadi maji yakawa maangavu. Kisha ulipitisha sumaku ubavuni mwa glasi, unga wote ukakimbilia huko, tayari kutumika tena. Ole wake aliyemwaga hata chembe!

Meneja aliipenda sana glasi ile. Kila mkaguzi alionyeshwa hiyo, huku bomba la nyuma likimwaga maji mekundu mtoni, pale pale wanapochota majirani zetu. Ulipomuuliza chujio la kutumia unga wako litawekwa lini kwenye bomba hilo, alijibu, "Mama, tutalifanyia kazi." Ukarudi nyumbani ukituambia subira huvuta heri. Utusamehe, hata wewe tunakukasirikia. Subira yako ilivuta nini? Mapipa matano ya unga yamo stoo mpaka leo, na kwenye mifuniko umeandika kwa mkono wako: *Tayari*.

Juzi meneja alituletea shada la maua na kadi: "Tunaienzi kazi yako." Binti yako alilirudisha mwenyewe hadi getini kwa kiwanda, akamwita meneja. Kando yake akaweka glasi mbili, moja ya maji ya bomba lile, nyingine ya maji hayo hayo aliyoyasafisha kwa unga uliobaki kabatini mwako.

"Mama hakuomba maua," alimwambia. "Aliomba fundi bomba."

"Dada yangu, tutalifanyia..."

"Basi Ijumaa nakuja tena. Na Ijumaa ya pili."

Unakumbukwa na mume wako, binti yako, mdogo wako dereva, mkweo, na wajukuu zako watatu, ambao bado tunawakataza kuoga mtoni.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Na meneja hatutampa nafasi ya kukusahau.