Mche wa Tisa

Jumamosi, siku mbili baada ya Krismasi. Manyunyu tangu alfajiri, tope hadi mlangoni, na mimi siwezi kukaa chini kwa dakika tano. Nimefagia duka mara tatu. Nimepanga upya maputo yaliyobaki, kisha nikayarudisha yalivyokuwa. Mama ameniuliza kama nina funza miguuni.

Kwa wasiotujua: tupo kando ya barabara kuu ya kwenda mpakani Rusumo, penye kona ambapo malori hupunguza mwendo. Nyuma ni kitalu cha miche cha Baba, mbele ni duka la Mama. Duka linafuata sikukuu: Idi lina kanzu na kofia za watoto, Pasaka lina nguo nyeupe, Desemba linawaka taa hadi kwenye bati. Kitalu kinafuata mvua tu. Zikianza mwezi wa tisa watu wanapanda na sisi tunakula. Kiangazi tunabeba maji na kulalamika. Mimi nilirudi kutoka Mwanza mwaka juzi nikiwa na mawazo mengi ya biashara. Mawazo hayohayo ndiyo yamenifikisha hapa.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu nisipoandika nitafagia tena.

Baba hubebesha parachichi kwa mkono wake. Anaotesha kokwa la parachichi la kienyeji, mche ukifikia unene wa penseli anaukata kichwa na kuupachika kikonyo, kitawi cha parachichi la kisasa. Kikonyo kikishika, shina linabaki na kovu, na mti unazaa mapema, matunda ya kuuzika. Kikifa, shina la chini huchipua lenyewe na mche unaendelea kupendeza tu, majani mapana, kijani kibichi. Mteja hawezi kujua. Atakuja kujua baada ya miaka, akiwa ameupalilia na kuumwagilia kama mtoto wa kwanza.

Miche ya namna hiyo Baba haitupi. Anachana kitenge kikuukuu cha Mama, anaifunga kitambaa kwenye shina na kuiacha palepale katikati ya wenzake, maana mizizi ikishatoboa kiriba, ule mfuko wa nailoni, hapendi kuisogeza. Msimu mwingine anajaribu tena. Haandiki popote. Anakumbuka idadi kichwani, basi.

Jumamosi iliyopita Baba alikuwa Kirushya kwa shangazi, ambaye alikuwa anaumwa. Mimi nikapata wazo la kupamba kitalu: taa kwenye kichanja, utepe wa dhahabu kwenye kila mche wa mstari wa mbele, watu wakitoka kanisani wapige picha za status, na wakishapiga wanunue mche wa zawadi. Wazo lilikuwa zuri, sitasema uongo, na watu walikuja kweli. Lakini vile vitambaa vya Baba vilikuwa vinaharibu picha.

Nikachukua mkasi.

Je, sikujua kwamba vina maana? Swali hili linanizunguka tangu jana. Nilijua. Nilijua nusu, na nusu iliyobaki sikutaka kuiuliza kwa sababu nilikuwa na haraka na Baba hakuwepo kunikataza. Nilijiambia kwamba akirudi atavifunga vingine.

Jumatatu mstari wa mbele ukaisha. Mche mmoja uliondoka asubuhi na dereva wa lori aliyekuwa anavuka Rusumo. Alitaka kitu cha kumpelekea mama yake, nikampa wa kwanza uliokuwa karibu huku puto likiwa mdomoni. Thelathini iliyobaki ilichukuliwa mchana na Mzee Luhende.

Mzee Luhende ni Msukuma wa upande wa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Amefuga ng'ombe maisha yake yote. Sasa malisho yamekwisha, wanawe wametawanyika, na ameamua kugeuza zizi la zamani kuwa shamba la parachichi, kwa kuwa mbolea imo humo tayari. Alikuja na guta la kukodi, la magurudumu matatu. Aliitazama miche muda mrefu bila kugusa hata mmoja, akasema, "Ng'ombe nitamjua mwenyewe kwa macho. Mti siujui. Hapo nakuamini wewe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikampa na kofia ya Krismasi, ya bure.

Baba alirudi mkesha wa Krismasi. Jana akaingia kitaluni, akaizunguka mistari, halafu akaniita na kuniuliza vitambaa viko wapi. Nikasema vimeoza kwa mvua. Uongo wenyewe ulitoka mwepesi, kama nimeulizwa saa. Akachuchumaa, akaanza kupapasa mashina ya mistari ya nyuma mmoja mmoja, na kila alipokosa kovu alifunga kitambaa kipya. Alipomaliza akasema alikuwa amefunga kumi na nne, na sasa anaona mitano.

Nikafanya hesabu hiyo nikiwa nimesimama na keni ya kumwagilia mkononi. Tisa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza hata siku moja. Leo asubuhi nilimwambia Baba kwamba mteja wa Nyakahura ameongeza miche tisa. "Tisa," alisema. Akaichagua mwenyewe, akaipapasa kila mmoja shinani, akaipanga kwenye beseni na kuifunika gunia bichi. Nililifunga beseni nyuma ya bodaboda nikaondoka. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilitunga moja linalolaumu kampuni ya viriba, na jingine linalolaumu ugonjwa wa miche. Dereva wa bodaboda akaniuliza naongea na nani.

Mzee Luhende alikuwa ameshapanda yote, mistari mitatu iliyonyooka, kila mche umezungushiwa miiba dhidi ya mbuzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anaangalia beseni. Maneno yote niliyoyatunga yakanikimbia. Nikamwambia nilivyofanya, kuanzia mkasi.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza jambo moja tu.

"Ungenyamaza, mimi ningejua lini?"

"Mwaka wa sita hivi, mzee. Pengine wa saba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mwaka wa saba mimi huenda sipo. Basi ungekuwa umepona."

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nililia katikati ya zizi la mtu, kamasi zikinitoka, na mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Mzee aliniacha nikamaliza. Kisha akasema nimwonyeshe hilo kovu.

Tukachuchumaa. Nikamwonyesha pale kiganja kimoja kutoka ardhini, shina linapojikunja kidogo na ganda linabadilika rangi. Akapitisha kidole gumba mara mbili, akafumba macho, akapitisha tena. Baada ya mche wa nne akaniambia nikae pembeni. Alikagua thelathini yote peke yake, huku mvua inamnyeshea mgongoni, na alipofika mwisho akarudia kuanzia upande wa pili, kama wanavyohesabu ng'ombe zizini jioni. Kwenye mingine alinitazama aone kama nitamsaidia. Sikumsaidia, na hakukosea.

Ilikuwa minane.

Tukaing'oa pamoja, tukapanda mizima mahali pake. Mmoja ukabaki kwenye beseni. Nilimwambia auchukue tu, iwe nyongeza. Akakataa. Alisema yeye alinunua thelathini na sasa anayo thelathini, huo una mwenyewe, nikamtafute. Hapo ndipo nilipomkumbuka dereva. Na puto mdomoni.

Nimerudi saa nane, nimelowa hadi mifupani, na minane ya kienyeji ndani ya beseni pamoja na mmoja wa kubebesha. Baba alikuwa chini ya kichanja anachana kitenge. Nilikuwa nimepanga kusubiri ale kwanza, aote moto, halafu nimweleze. Nikajikuta nimeshafungua mdomo.

"Baba, vitambaa havikuoza. Nilivikata mimi."

"Najua," alisema. "Kitambaa kikioza huacha fundo. Sikukuta fundo hata moja."

Jana yote alikuwa anajua. Alichagua miche tisa akijua inakwenda kufanya nini, akaifunika na gunia bichi isikauke njiani. Alinipa kile kitenge. Nimeifunga minane mwenyewe, shina kwa shina. Kila nilipokaza fundo nilimwona Mzee Luhende na kile kidole gumba.

Basi ningetulia sasa, si ndiyo? Nimesema, nimerudisha, nimesamehewa au karibu na hapo. Mbona nimesimama tena mlangoni?

Kwa sababu ya mmoja. Sijui jina lake. Hakuacha namba, na mimi sikuomba. Nakumbuka koti la bluu, na kwamba alicheka alipoona taa zetu, akasema mwaka mzima anapita hapa na hajawahi kusimama. Nakumbuka alivyouweka mche mbele, upande wa abiria, akaufunga mkanda. Alisema mama yake anaishi ng'ambo, kilimani, peke yake, na anapenda kitu cha kukiangalia kikikua.

Mama anataka taa zishushwe baada ya mwaka mpya, umeme unakwenda bure. Tumebishana. Nimemwambia zitabaki, maana yule mtu anatujua kwa taa tu, na Baba, ambaye siku zote huziita ujinga wa mjini, amekwenda kukaza waya uliokuwa umelegea.

Ule mche mzima nimeuweka hapa kaunta, kati ya maputo na karatasi za zawadi. Wateja wawili wameuulizia leo. Hauuzwi. Lori likipunguza mwendo kwenye kona nanyanyua kichwa, likipita nakishusha, na nimeshafanya hivyo hata sijui mara ngapi tangu nianze kuandika.

Huwa siandiki hapa kwa ajili ya mtu fulani. Leo naandika kwa mmoja.

Ndugu wa koti la bluu: pitisha kidole shinani, kiganja kimoja kutoka ardhini. Ukigusa kovu, basi hesabu yetu imekosea, mama yako ana mti mzuri na mimi nisamehe kwa kukutia wasiwasi. Usipogusa kitu, usimwache mama akaupalilia miaka saba. Simama kwenye kona, taa zinawaka. Mche wako ninao.