Kamba Nyekundu ya Babangu

Zilpah, ile kamba nyekundu ambayo babangu Alfayo hakubali mtu aiguse! Leo amenieleza. Aki bado siamini.

Ni 1975, kiwandani Winson Green, kule ng'ambo. Bosi wake anauza redio za kutafutia watu waliofukiwa na theluji. Wanunuzi wamekuja, anamfukia Baba kwenye theluji uani na redio kifuani. Mtu mzima! Ati waone inavyofanya kazi.

Redio kimya. Lile jitu limesahau kutia betri. BETRI, Zilpah!

Bahati Baba hakuliamini. Alikuwa amejifunga kamba mguuni kama mbuzi wa kwao, ncha akaiacha nje. Wageni ndio waliomvuta.

Baba bado anatema theluji, bosi anawaambia wageni, "Mnaona? Amepatikana."

AMEPATIKANA!

Baba akafungua kamba, akampa bosi sepetu. "Chimba, uingie wewe. Kamba naenda nayo."