Kitambaa Chako na Kompyuta ya Bi Somoe

Mtwara Mjini,
baada ya Idd

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kikohozi kimekuachia na jiko lako linawaka, maana ukungu wa Lushoto naujua. Na mgongo wa Baba unaendeleaje? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na ungeniona leo ungesema nimenenepa. Siku ile ya Idd usingesema hivyo.

Umeniuliza kama kile kitambaa ulichonifumia kwa ajili ya kompyuta kinakaa vizuri. Mama, kilikaa vizuri mno. Ndiyo habari yenyewe, na usicheke mpaka nimalize.

Unajua kompyuta ninayoiendesha hapa si yangu. Ni ya Bi Somoe, yule mama wa Mikindani aliyenipa chumba cha mbele cha nyumba yake tuwachezeshe vijana mpira wa kwenye kompyuta. Mashine yake, kazi yangu. Sasa mchezo mpya ulipotoka, kompyuta ikawa haiuwezi. Mchezaji anapiga shuti, anaganda mguu juu, mpira unajiendea golini wenyewe. Vijana wakaanza kuhamia banda la pili, njia ya Likombe, na huu ndio msimu wa korosho, kila mtu ana chochote mfukoni. Bi Somoe akaniambia, "Mwanangu, mimi sikufukuzi. Lakini Idd ikipita watu hawaji, mashine naiuza, na wewe itabidi urudi kwenu." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma.

Ndani ya kompyuta, Mama, kuna kadi inayochora picha, ina feni yake ndogo. Kiwandani huipangia mwendo wa kadiri, lakini ipo programu ya kuiongezea kasi, kama wewe unavyokanyaga cherehani zaidi sikukuu ikikaribia. Ubaya wake, kasi huleta joto, na joto likizidi kadi inaungua. Kwa hiyo nilikwenda taratibu. Nilipangusa vumbi lote kwa brashi ya rangi, nikaongeza kidogo, nikachezesha mechi nzima, nikaangalia kipimo cha joto, nikaongeza tena. Nguvu ya umeme ya kadi sikuigusa kabisa, hapo ndipo wengi wanapoua mashine. Vidoa vya rangi vilipoanza kutokea kwenye kioo, nikarudi nyuma, nikaacha hapo. Mchezo ukateleza! Vijana wakarudi, na wengine wapya wa Msimbati waliokuja mjini kwa ajili ya sikukuu.

Basi siku ya kuamkia Idd kifurushi chako kikafika. Kitambaa cheupe, maua mekundu pembeni. Nani asingekitandika? Hapa pia kila nyumba redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa. Nikakiweka juu ya boksi la kompyuta, na Bi Somoe mwenyewe akakivuta kikashuka mpaka nyuma. "Sasa hii ni kompyuta ya watu," akasema.

Idd mosi, chumba kimejaa, penalti inapigwa. Kijana mmoja akapiga kelele, "Jamani, mbona refa kawa wa zambarau?" Kufumba na kufumbua uwanja mzima ukawa vipande vya rangi, kisha giza. Nikazima, nikawasha, giza. Bi Somoe alisimama mlangoni na kanga yake mpya. Nilishajiona ndani ya basi la kurudi, nawaza nitakuambia nini.

Nikakiondoa kitambaa ili nifungue boksi. Mama wee! Kilikuwa cha moto kana kwamba kimetoka kupigwa pasi. Joto la boksi hutokea nyuma, na sisi tulikuwa tumeliziba kwa maua yako. Mimi na vipimo vyangu vyote, baada ya kutandika kitambaa sikupima tena! Nikachomoa waya, nikafungua ubavu wa boksi, nikaelekeza feni ya mezani humo ndani, tukakaa kama watu wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi. Bi Somoe alipomaliza kuswali Alasiri akaja, akasema, "Haya, jaribu."

Niliwasha macho nimefumba. Nilijua imewaka kwa kelele za vijana. Alhamdulillahi! Nilicheka, Mama, huku machozi yananitoka, na Bi Somoe akanikumbatia mbele za watu, kisha akanichapa kofi la mgongo.

Kasi nimeipunguza tena kidogo, ubavu wa boksi uko wazi, na feni haizimwi tukiwa kazini. Juzi Bi Somoe ameniambia niandae nafasi ya kompyuta ya pili. Kwa hiyo nikija huko ni kuwasalimia tu.

Mwambie Baba asibebe magunia. Nisalimie dada Mwanaidi na shemeji, mjomba Athumani kinyozi wetu, na Bibi mumweke karibu na moto.

Na kitambaa usikihuzunikie. Nilitaka kukikunja nikiweke sandukuni, Bi Somoe akakataa. Amekifunikia mtungi wa maji ya kunywa pale mlangoni, penye baridi kuliko pote humu ndani. Kila kijana mwenye kiu hukiinua kwa mikono miwili, na asiyekirudisha vizuri hachezi.

Mwanao akupendaye,
Shabani