Waridi Lililopauka Juba

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Bukoto tu wazima, na kikohozi cha mama yako kimekwisha. Unauliza kama nilikosea mche, maana waridi nililokupa limechanua limepauka huko Juba, na jirani anakucheka. Sikukosea!

Zamani nilifanya kazi kwenye shamba la maua, tukiyakuza ndani ya mabanda ya plastiki. Kiangazi kimoja mawaridi mekundu yalipauka. Msimamizi akadai nimechanganya miche, akaniamuru niing'oe.

“Nifukuze ukitaka,” nikamwambia, “lakini siing'oi.”

Nikakunja plastiki za kando ya banda, joto lililojaa ndani likatoka. Matumba yaliyofuata yalichanua mekundu kama damu. Hakuniomba radhi.

Ni joto tu linalofifisha rangi. Litie waridi lako kivuli mchana, usubiri. Likichanua jekundu, mwite jirani aje aone, lakini asiondoke na ua hata moja, kwa kuwa alikucheka.

Nyanya yako