Bundi wa Juu ya Mgahawa

Bożena we, nimelipiza!!

Si unamkumbuka Zdzisław, aliyetangazia chama kizima cha watazama ndege kwamba bundi niliyemwona mtini ni mfuko wa plastiki? Tangu hapo naitwa Bibi Mfuko.

Leo bustanini kaona bundi juu ya paa la mgahawa. Kaita chama chote! Watu ishirini kwenye theluji, darubini machoni.

Jumatatu nilimwona fundi akimfunga bundi huyohuyo, wa plastiki, kuwatisha njiwa. Nikanyamaza kimya.

Zdzisław ananinong'oneza: "Bibi Mfuko, usimtishe!"

USIMTISHE, Bożena!

Nusu saa tunaganda. Mara njiwa akatua kichwani kwa bundi. Akanya.

Nikauliza kwa sauti, wote wasikie: "Zdzisław, na huyu je, ni mfuko?"