Usije na Wajibu, Mjomba

Nyuma ya Soko la Samani,
Dumyat.
Jumapili, 13 Oktoba 2019

Mpendwa Mjomba Abdulmuti,

Asalaam aleikum. Habari za Kuwaiti na joto lake? Na goti lako, bado linachagua ngazi za kupanda? Huku tu wazima. Mama anasema umekonda, ingawa hajakuona miaka mitatu.

Harusi ya mdogo wangu Mutawalli ni Alhamisi, tarehe 31. Tumeshaagiza masinia sita ya mishabaki, maana harusi ya Dumyat bila peremende hizo za asali ni kikao tu.

Mjomba, mwaka jana tulikudanganya. Mutawalli hakuwa na homa. Alikuwa mraibu wa vile vidonge vya maumivu ambavyo mafundi hapa hutia kwenye chai ili wachonge viti bila kuchoka. Alianza na nusu, akafika vinane kwa siku. Akivikosa alikuwa akitapika na kutetemeka. Alimtukana hata mchumba wake Wisam, naye akamrudishia pete.

Mama alisema ni jicho la husuda. Akakata mwanasesere wa karatasi, akawa anamchoma sindano huku akitaja majirani mmoja mmoja. "Hili jicho la Mama Raafat!" Kumbe Mama Raafat yuko mlangoni na bakuli la mboga. "Jicho langu? Mwanao anatafuna vidonge kama karanga, we unachoma karatasi! Mpeleke hospitali, mwanamke!" Walinuniana mwezi mzima, lakini ndiye aliyetupeleka.

Dokta Nagwan alitueleza kuwa huo si uhuni, ni ugonjwa. Mwili ukishazoea kidonge hauwezi kutulia bila hicho. Na chini yake kulikuwa na ugonjwa mwingine: tangu Baba afariki, Mutawalli alijaa hofu na huzuni, moyo ukimwenda mbio, akawa anautuliza kwa vidonge. Mimi dada yake nilimwita mvivu. Naona aibu mpaka leo.

Walimtibu yote mawili, kwa dawa na kwa mazungumzo na wenzake kila Jumanne. Aliteleza mara moja, akarudi. Sasa ni miezi kumi na moja bila kidonge. Amenenepa, anaimba vibaya karakana nzima isikie, na Wisam amevaa pete tena.

Hapa kalamu inakuwa nzito. Unajua harusi zetu: mgeni muungwana huja na wajibu mfukoni, kidonge au sigara iliyotiwa kitu, na kuukataa ni kumtukana. Kwenye harusi yangu ulimpa Mutawalli kidonge chake cha kwanza, kwa mapenzi, ili acheze mpaka mwisho. Mama alichoma majina ya mtaa mzima, lako hakulitaja. Sikulaumu, hakuna aliyejua kingemfikisha wapi. Lakini safari hii, nakuomba, usije nao.

Niliogopa Mutawalli hatataka uje kabisa. Nilipomuuliza alicheka. "Asije vipi? Akae kulia kwangu! Wakianza kunigawia, yeye ndo awaambie hapana. Mimi nikikataa ni tusi. Mjomba wangu akikataa, nani atafungua mdomo?"

Basi kiti chako anakichonga mwenyewe.

Msalimie mkeo Ratiba na mapacha. Mama anakusalimu, pia Wisam, na Mama Raafat aliyekwisha kusamehe sindano. Mungu akulete salama, mifuko mitupu.

Mpwa wako akupendaye,
Inshirah